Gobori la babu hurithiwa, kibali cha kuwinda hutafutwa

Arobaini ya marehemu ikishapita, ukoo hukaa kikao cha mirathi. Shamba lina mipaka yake, ng'ombe wana idadi yao, nyumba ina hati. Kisha mtu hupanda darini kushusha masanduku ya mzee na kurudi na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Kinapofunuliwa huonekana mtutu wenye kutu, kitako kilichogugunwa na wadudu, na mdeki wa chuma uliochomekwa chini ya mtutu. Wazee hawahitaji kuelezwa. Ni gobori, na kila mmoja anakumbuka nyama aliyokula kwa ajili yake. Vijana nao wanauliza jambo moja tu: bado linapiga?

Swali lao si baya, ila limetangulia zamu yake. Bunduki ya kushindiliwa mdomoni ikikufikia kwa urithi, unapokea chuma na mti. Kibali cha kuimiliki hakimo humo, ruhusa ya kuwinda haimo, wala ule ujuzi uliomfanya babu arudi na funo begani bila kujilipua uso. Hivyo vitatu kila kizazi huvitafuta upya, na anayevidharau huishia mahakamani, hospitalini au kaburini.

Yalivyofika bara

Magobori mengi ya Afrika Mashariki yana asili ya ng'ambo. Katika karne ya 19 viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, vilitengeneza bunduki kwa ajili ya biashara ya Afrika. Baadhi zilikuwa na taji la kifalme na neno Tower ubavuni, alama iliyotokana na ghala la silaha la Mnara wa London na ambayo wafanyabiashara waliipenda kwa sababu wanunuzi waliiamini. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki zinazojazwa risasi kwa nyuma, zile kuukuu zilihitaji soko. Unguja ikawa mojawapo ya milango yake.

Kutoka pwani zilibebwa mabegani na wapagazi hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake Unyamwezi kwa rugaruga, wapiganaji wake, wenye bunduki za namna hiyo. Bayege, chama cha wawindaji wa tembo miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma, nao waliongeza baruti kwenye mikuki, mishale na dawa zao za porini. Kuingia chama kile kulihitaji kufunzwa na kupimwa na waliotangulia. Kuwa mtoto wa mwindaji hakukutosha.

Kwa nini basi babu alikuwa na gobori, wakati dunia ilikwisha kuwa na bunduki za kisasa? Jibu liko kwenye mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya, yakieleza kwamba yanapambana na biashara ya watumwa, yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Yaliacha mwanya kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo isingeweza kumshinda mtawala wake. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilionyesha pengo hilo kwa damu: magobori, mikuki na mishale vilikabiliana na bunduki za rashasha za Wajerumani.

Historia hiyo ina maana hata kwa anayetaka kuwinda leo. Mtutu laini wa ndani hautupi risasi kwa uhakika. Risasi hugongagonga kuta za mtutu ikitoka, na ikivuka mita 50 au zaidi inakwenda inakotaka. Mtutu wenye michirizi inayozunguka huipa risasi mzunguko, na mzunguko ndio unaoinyoosha. Kwa hiyo mwanga wa tochi ukionyesha mtutu laini usio na michirizi, umeshika silaha ya karibu sana. Na kama mtutu wenyewe ulichongwa kijijini kutokana na bomba la maji, kama ilivyo kwa magobori mengi yanayokamatwa siku hizi, si silaha ya kuwindia kabisa. Bomba la maji halikufuliwa kuhimili mlipuko, na likipasuka hupasukia mkononi na usoni mwa aliyelishika.

Lina kitu ndani?

Babu wengi walikuwa na desturi ya kuliacha gobori likiwa limeshindiliwa. Fisi akija zizini usiku, nani ana muda wa kupima baruti gizani? Mzee anapofariki ghafla, shehena inabaki ndani. Mrithi anakuja kulishika miaka ishirini baadaye, analichezea mbele ya watoto, na kinachofuata husomwa magazetini.

Baruti nyeusi haizeeki kama wengi wanavyodhani. Ikikaa kavu, huhifadhi nguvu zake kwa zaidi ya karne. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mkusanyaji wa vifaa vya kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Alikuwa analisafisha.

Kwa hiyo kila bunduki ya urithi ichukuliwe kuwa ina shehena hadi ithibitike vinginevyo. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu wala kwenye ukuta ambao nyuma yake kuna watu. Nyundo isipandishwe. Wajuzi huchukua mdeki, wakauteremsha taratibu ndani ya mtutu hadi ukome, wakauwekea alama mdomoni, kisha wakaulaza nje ya mtutu kulinganisha. Mdeki ukifika hadi usawa wa kitundu cha moto, mtutu ni mtupu. Ukiishia vidole kadhaa kabla ya hapo, kuna kitu kimelala ndani, na kazi ya kukitoa ni ya fundi bunduki au mtaalamu wa polisi. Kuna watu hupasha mtutu moto ili kulegeza kutu. Mtutu wenye shehena ukipashwa moto hufyatuka wenyewe.

Jina lililo kwenye leseni

Mali bila daftari hupotea bila habari, na silaha bila daftari humpoteza mwenyewe. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobori halikuachwa nje kwa sababu ya ukongwe wake. Leseni huandikwa kwa jina la mtu, na mtu huyo akifariki, jina la mwanawe haliandikiki pale lenyewe. Hata kama mzee alikuwa na karatasi zote, familia inapaswa kutoa taarifa polisi na anayetaka kulimiliki aanze maombi yake. Kama mzee hakuwa na karatasi, hali ni nzito zaidi, na kila siku ambayo gobori linaendelea kukaa darini ni siku ya kosa.

Njia ya kujinasua ipo. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022 na tena mwaka 2023, bila anayesalimisha kushtakiwa kwa kumiliki. Nje ya vipindi hivyo, busara ni kumpigia simu mkuu wa kituo au kwenda na mwenyekiti wa kijiji kueleza kilichoonekana na kilipo, kabla ya kulibeba. Kijana anayekutwa njiani na gobori mgongoni atapata shida kumshawishi askari wa doria kwamba alikuwa analipeleka kituoni.

Leseni ya silaha ikipatikana, bado hujaruhusiwa kumfyatulia hata sungura. Uwindaji una sheria yake, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na una msimamizi wake, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, kwa maeneo yaliyo nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Kibali hutaja mnyama, idadi, eneo na muda. Aina ya silaha nayo ina masharti, hivyo swali la kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya liwe kama silaha uliyorithi inakubalika kabisa kwa mnyama unayemtaka. Anayewinda bila kibali hukutana na shauri la nyara za Serikali, na nani asiyejua uzito wa shauri hilo? Anayetaka nyama tu ana njia rahisi zaidi, kwani kanuni za mwaka 2020 zilifungua mlango wa mabucha ya nyamapori.

Kwa msomaji wa Kenya mjadala ni mfupi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikurudisha uwindaji wa starehe. Huko gobori la babu linaweza kuwa kumbukumbu ikiwa mamlaka zitaridhia. Kuwinda nalo hakuwezekani.

Pennsylvania, ambako bunduki za babu bado zinawinda

Mahali pazuri pa kuona jinsi bunduki ya urithi inavyoweza kurudi porini kihalali ni jimbo la Pennsylvania, Marekani. Huko, hasa katika wilaya ya Lancaster, mafundi wahamiaji kutoka Ujerumani na Uswisi waliunda katika karne ya 18 bunduki ndefu na nyembamba yenye michirizi mtutuni, iliyokuja kujulikana kama bunduki ya Kentucky. Familia nyingi bado zina bunduki za kushindilia, ingawa kinachorithiwa zaidi siku hizi ni nakala za kiwandani, kama zile za mtindo wa Hawken ambazo kampuni ya Thompson/Center ilianza kuzitoa mwaka 1970.

Tangu mwaka 1974 jimbo hilo lina msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume. Msimu huanza tarehe 26 Desemba na kuingia Januari, theluji ikiwa chini na wawindaji wa bunduki za kisasa wamekwisha rudi makwao. Bunduki ya fataki, inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha kilipuzi badala ya jiwe, hairuhusiwi msimu huo, wala darubini haifungwi juu ya mtutu. Unakwenda na jiwe, chuma na macho yako.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 haizihesabu nyingi za bunduki hizi kuwa silaha za moto za kawaida. Zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na nakala nyingi za kushindiliwa baruti nyeusi, huangukia kwenye kundi la vitu vya kale, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao. Mtoto anaweza kuichukua ya baba yake bila mlolongo mrefu. Lakini akitaka kuingia nayo msituni, mlango unabana. Sharti awe na leseni ya uwindaji, na kama hajawahi kuwa nayo sharti kwanza apite mafunzo ya uwindaji. Aheshimu tarehe, aina ya mnyama na idadi.

Ukali huo ulitokana na hasara. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe walikuwa karibu wamekwisha Pennsylvania kwa uwindaji usio na kikomo na ukataji wa misitu. Tume ya wanyamapori ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1895, ililazimika kununua kulungu kutoka majimbo mengine kuanzia mwaka 1906 ili kurudisha mbegu. Tangu mwaka 1937 sheria ya nchi hiyo inayojulikana kama Pittman-Robertson huelekeza kodi ya silaha na risasi kwenye kazi ya kuhifadhi wanyama. Mwindaji anayetii masharti ndiye anayelipia mnyama wa kesho.

Shehena moja, nafasi moja

Mafunzo ya bunduki ya gumegume yanaanzia kwenye kuelewa moto unavyosafiri. Jiwe hushikwa na meno ya nyundo. Ukivuta kifyatulio, jiwe hukwangua bati la chuma na cheche huangukia kisahani chenye baruti laini. Moto wa kisahani hupenya kitundu cha ubavuni na kuwasha shehena iliyo ndani. Kati ya kuvuta na mlio kuna pengo dogo, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza mnyama: wanaona mwako mbele ya jicho, wanatikisika, risasi inakwenda mitini. Anayetaka kuwinda hutumia majira ya kiangazi akipiga shabaha hadi mwili uzoee kutulia baada ya kuvuta. Bunduki ya fataki, iliyotokana na wazo la mchungaji wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepewa hataza mwaka 1807, ilipunguza pengo hilo na kuvumilia mvua vizuri zaidi.

Kushindilia nako kuna adabu yake. Baruti humiminwa kwanza kwenye kipimo, kisha mtutuni, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe. Kaa dogo lililobaki kutokana na mlio uliopita likikutana na baruti inayomiminika, moto utapanda hadi kwenye pembe iliyo mkononi. Risasi ya duara hufungwa kitambaa kilichopakwa mafuta na kushindiliwa hadi iketi juu ya baruti bila nafasi, kwa kuwa uwazi kati ya baruti na risasi unaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Wenye uzoefu huchora alama kwenye mdeki kuonyesha unapofika mtutu ukiwa mtupu na unapofika ukiwa na shehena. Alama hizo humwokoa aliyesahau asishindilie mara mbili.

Kuna kosa moja lisilosamehe: kutumia baruti ya kisasa isiyotoa moshi mzito. Bunduki iliyoundwa kwa baruti nyeusi haistahimili shinikizo lake. Iwapo kisahani kimewaka na mlio haukutoka, bunduki hubaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa dakika nzima au zaidi, kwa sababu shehena inaweza kuwa inafukuta. Kuchungulia mdomo wa mtutu wakati huo ni kujiua.

Porini, nafasi ni moja. Kushindilia tena huchukua nusu dakika kwa mzoefu na zaidi sana kwa mgeni aliyekufa ganzi kwa baridi. Mwanafunzi hufundishwa kuacha mnyama aliye mbali, aliyejificha nusu au anayekimbia, na kujiwekea mpaka wa umbali ambao ndani yake hakosi shabaha ya ukubwa wa sahani. Akishapiga, moshi mweupe humziba macho. Anasimama pale pale, anakariri mahali mnyama alipokuwa, anashindilia upya, halafu ndipo anafuata damu. Mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa ni aibu ya mwindaji popote duniani.

Na mlio ukishapita, kazi haijaisha. Masalia ya baruti nyeusi yana chumvi inayonyonya unyevu wa hewa, na mtutu usiosafishwa huanza kuliwa na kutu mara moja. Dawa yake ni ya kale na ya bei nafuu: maji ya vuguvugu yenye sabuni, vitambaa hadi vitoke vyeupe, kukausha kabisa, kisha mafuta. Magobori mengi yaliyoharibika darini hayakuharibiwa na miaka. Yaliharibiwa na wiki ya kwanza baada ya kupigwa mara ya mwisho.

Lililo mikononi mwetu

Pennsylvania si Katavi ya Tanzania, na hakuna haja ya kunakili sheria zao. Wao wana kulungu wa kutosha na historia iliyowaruhusu silaha walizotaka. Sisi tuna tembo na twiga ambao majangili wamewaua kwa magobori haya haya, na historia iliyotuachia silaha dhaifu kwa makusudi. Hata hivyo fundisho moja linavuka bahari: bunduki ya urithi imebaki na heshima pale ambapo warithi walikubali kusomea, kusajiliwa na kuhesabiwa.

Upande wa mamlaka, kuna kazi. Kijiji kinapotangaziwa kusalimisha silaha, wananchi waelezwe pia kama gobori la kale lenye alama za karne ya 19 linaweza kupelekwa makumbusho likiwa limezimwa, badala ya kuteketezwa pamoja na mabomba ya majangili. Familia nyingi husita kwa sababu zinaona zinapoteza jina la mzee. Zikijua jina hilo litaandikwa chini ya kioo, huenda zitaleta zenyewe.

Na kwa familia zenye gobori darini: lisishushwe na kijana mmoja usiku. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji, mpigieni simu mkuu wa kituo cha polisi, elezeni mlichokiona na mlipokiona. Kama kuna mtu wa ukoo anayetaka kweli kuwinda, aanze kwa leseni, kisha ofisi ya wanyamapori, kisha mwalimu wa shabaha, na iwapo atashauriwa kutumia bunduki nyingine iliyo salama zaidi, akubali. Babu mwenyewe, kabla ya kushika gobori lile, alifundishwa na mtu.